Folda moja, kompyuta nne: kwa nini maktaba ya nyumbani huvurugika

Malalamiko huwa yanafanana. Mtu amekusanya filamu, muziki na picha za familia kwenye diski moja, akaichomeka kwenye kompyuta ya sebuleni, kisha akaifungua folda ili kompyuta nyingine za nyumbani ziione kupitia Wi-Fi. Siku ya kwanza kila kitu kinafunguka. Muda si mrefu mambo yanaanza kupishana. Kompyuta ya sebuleni inakumbuka kwamba filamu fulani imetazamwa hadi dakika ya 40, ya chumbani haikumbuki lolote. Orodha ya nyimbo iliyopangwa kwa uangalifu kwenye moja haionekani kwenye nyingine. Jina la albamu lililosahihishwa huku, kule bado lina makosa. Mwenye maktaba anailaumu Wi-Fi, anabadilisha ruta, na tatizo linabaki palepale.

Wi-Fi haina hatia hapo. Maktaba ya kidijitali ina sehemu mbili, na folda ya pamoja hushughulikia moja tu.

Sehemu ya kwanza ni mafaili yenyewe: MP3, MKV, JPEG. Haya ni nadra kubadilika. Filamu ukishaihifadhi, haiandikwi upya. Sehemu ya pili ni hifadhidata, yaani kumbukumbu ambayo programu ya kuchezea inajiandikia: ni filamu zipi zilizopo, nani kaigiza, imetazamwa mara ngapi, ilisimamishwa wapi, wimbo upi umepewa nyota tano, nyimbo zipi ziko kwenye orodha ya harusi. Hifadhidata hubadilika muda wote mtu anapotazama au kusikiliza, na mara nyingi haikai hata karibu na mafaili. Kodi, programu ya kuchezea filamu na muziki, huiweka ndani ya folda ya mtumiaji kwenye kila kompyuta, katika faili la SQLite (aina ya hifadhidata inayokaa ndani ya faili moja) ambalo jina lake huanza na MyVideos au MyMusic. iTunes, programu ya muziki ya Apple, ilikuwa na faili lake linaloishia na .itl. Photos ya Apple hufunga picha na hifadhidata pamoja ndani ya kifurushi kinachoonekana kama faili moja.

Kwa hiyo ukiifungua folda ya Filamu kwa kompyuta nne, umeshirikisha sehemu ya kwanza peke yake. Sehemu ya pili imezaliwa mara nne, na hakuna kompyuta inayojua nyingine imeandika nini.

Wazo linalovutia na kuharibu

Mtu akishalijua hilo, wazo la haraka humjia: basi hifadhidata nayo iwekwe kwenye folda ya pamoja, na programu zote nne zielekezwe hapo. Linavutia kwa sababu linaonekana kumaliza kazi kwa hatua moja. Usilifuate.

SQLite, ambayo toleo lake la kwanza lilitoka mwaka 2000 kwa kazi ya D. Richard Hipp, imo ndani ya programu nyingi mno za simu na kompyuta, na ndani ya kompyuta moja ni imara sana. Uimara wake unategemea kufuli. Kabla ya kuandika, programu huuomba mfumo wa kompyuta ulifunge faili kwa muda mfupi ili mwingine asiandike papo hapo. Kupitia mtandao, ombi hilo linapaswa kusafiri hadi kwenye kompyuta yenye diski, likubaliwe, na jibu lirudi. Wakati huohuo kila upande unajiwekea nakala za muda za kurasa za faili ili mambo yaende haraka, na nakala hizo zinaweza kuwa zimeshapitwa na wakati. Ni kama duka lenye daftari moja la madeni na wauzaji wawili, ambao kila mmoja alipiga picha ukurasa asubuhi na sasa anaandika kwa kuifuata picha yake: jioni deni la mteja mmoja limeandikwa mara mbili na la mwingine limefutika. Watunzi wa SQLite wenyewe wanaonya wazi katika maelezo yao kwamba kufuli za mifumo ya mafaili ya mtandaoni mara nyingi zina kasoro, na kwamba kompyuta nyingi zinapoandika kwa pamoja ni heri kutumia hifadhidata yenye seva yake, yaani programu moja inayopokea maombi ya kompyuta nyingine zote.

Programu nyingine hujilinda kwa kukataa. iTunes, ikikuta maktaba imeshafunguliwa kwingine, ilisema imefungwa na kugoma kuwaka. Hilo linaokoa hifadhidata, lakini maana yake ni kwamba watu wawili hawawezi kutumia maktaba kwa wakati mmoja, nalo ndilo jambo lililokuwa likitafutwa. Apple iliongeza njia ya kushirikiana nyumbani katika iTunes 9 mwaka 2009, kwa kompyuta hadi tano zenye akaunti ileile: ungeweza kusikiliza nyimbo za mwenzio na kuzinakili, huku kila maktaba ikibaki na kumbukumbu zake. Kwa maktaba ya Photos, ushauri wao ni kuiweka kwenye diski iliyounganishwa moja kwa moja na Mac, wala si kwenye mtandao.

Kusawazisha folda nako hakuponyi. Syncthing, iliyoanza mwaka 2013, ni chombo kizuri na nakipenda kwa kazi yake, lakini hunakili faili zima. Kompyuta mbili zikibadilisha hifadhidata ileile kabla hazijaonana, hakuna wa kuunganisha mabadiliko ya pande zote. Faili moja linashinda, na lililoshindwa linawekwa kando likiwa na maneno ya sync-conflict kwenye jina lake. Kwa picha na nyimbo ambazo hazibadiliki, njia hii ni salama kabisa. Kwa hifadhidata iliyo wazi, sehemu ya kumbukumbu zako itapotea tu.

Mwandishi awe mmoja

Suluhisho la kudumu ni kwamba programu moja tu, kwenye kompyuta moja, iwe na haki ya kuandika hifadhidata. Wengine wote waombe. Anayetazama chumbani haandiki "dakika ya 40" popote; anamwambia mwandishi, naye anaandika. Ukilishika hilo, majina mengi ya programu yanayotatanisha yanajipanga yenyewe.

Njia ya kwanza hubakiza Kodi kwenye kila kompyuta, lakini huihamishia hifadhidata kwenye seva ya MariaDB au MySQL, programu zilizotengenezwa hasa kwa ajili ya kupokea waandikaji wengi. Kila Kodi inaelekezwa huko kwa faili dogo linaloitwa advancedsettings.xml. Inafanya kazi vizuri, ila ina masharti mawili ambayo wengi hujikwaa nayo. La kwanza ni njia ya faili. Hifadhidata inahifadhi mahali filamu ilipo kwa maneno kamili; kompyuta yenye diski ikiandika D:\Filamu, hakuna mwingine atakayeikuta. Kompyuta zote, hata ile yenye diski yenyewe, lazima zipite njia moja ya mtandao, mfano smb://192.168.1.10/Filamu. Sharti la pili ni toleo. Toleo kubwa jipya la Kodi hutengeneza hifadhidata mpya yenye namba nyingine, kwa hiyo kifaa kimoja kikijisasisha usiku na vingine vikabaki nyuma, asubuhi nyumba ina maktaba mbili tena.

Njia ya pili ni seva kamili ya midia: Plex, Emby, Jellyfin, na kwa muziki pekee Navidrome. Hapa kompyuta nyingine hazina hata haja ya kuiona folda. Zinafungua kivinjari au programu ndogo, zinaomba filamu, seva inaituma na kuandika kilichotokea. Historia ya programu hizi inasaidia kuchagua. Kodi ilianza mwaka 2002 kama programu ya kuchezea midia kwenye Xbox ya kwanza, na ikachukua jina la Kodi mwaka 2014. Plex ilichipuka kutoka kwenye mradi huohuo ikawa kampuni. Emby ilikuwa wazi kwa wote hadi Desemba 2018 ilipoufunga msimbo wake, na baadhi ya waliokuwa wakiufuatilia wakachukua toleo la mwisho lililo wazi wakaanzisha Jellyfin.

Mimi huegemea Jellyfin, kwa sababu inayohusu sana maisha ya kwetu. Akaunti zake ziko ndani ya seva yako. Bando likiisha, mtu anaingia kwa nywila yake na kutazama kama kawaida. Plex hutegemea akaunti iliyo kwenye mtandao wa kampuni, na tangu Aprili 2025 kutazama maktaba yako ukiwa nje ya nyumba kunalipiwa. Ni bidhaa iliyokamilika na rahisi kwa mgeni, lakini nyumba ambayo intaneti yake ni ya kuja na kuondoka inahitaji kitu kisichoomba ruhusa nje.

Kuna pia DLNA, kiwango cha vifaa vya nyumbani kupeana video na muziki kupitia mtandao, ambacho televisheni nyingi zinacho. Kundi la makampuni nyuma yake, lililoundwa mwaka 2003, lilivunjwa mwaka 2017, ila kiwango chenyewe bado kinatumika. Televisheni inaona orodha ya mafaili na kuyacheza. Kukumbuka ulipoishia, au kutofautisha mtoto na mzazi, si kazi yake.

Na Jellyfin nayo hutumia SQLite, ileile niliyoonya kuihusu hapo juu. Hakuna mgongano. Anayeandika ni mmoja, na anaandika kwenye diski iliyo ndani ya kompyuta yake. Ndiyo maana filamu zinaweza kukaa popote, hata kwenye diski ya mtandao, lakini folda ya data ya Jellyfin yenyewe ibaki kwenye diski ya ndani ya seva.

Folda yenyewe nayo ina mambo yake

Hata ukiwa na seva, utahitaji folda ya pamoja kwa ajili ya kuingiza mafaili mapya. Kati ya Windows, Mac na Linux, itifaki (lugha ya kupeana mafaili mtandaoni) inayoeleweka na wote ni SMB, ambayo mizizi yake ni IBM ya miaka ya 1980. Linux huizungumza kupitia Samba, kazi aliyoianza Andrew Tridgell kule Canberra, Australia, mwishoni mwa 1991. Televisheni na ruta nyingi za zamani zinajua toleo la kwanza tu, SMB1, na hapo ndipo watu wanapokwama: folda iliyokuwa ikionekana jana haionekani baada ya Windows kusasishwa. Sababu ni ya msingi. Mei 2017 kirusi cha WannaCry kilienea duniani kupitia udhaifu wa SMB1 na kukwamisha hospitali nyingi za Uingereza, ingawa Microsoft ilikuwa imetoa kinga tangu Machi mwaka huohuo. Tangu masasisho makubwa ya Oktoba 2017, Windows 10 inayowekwa upya haiji na upande wa seva wa SMB1, ule unaotoa folda kwa vifaa vingine. Mitandaoni utakuta maelekezo ya kuirudisha. Yaache, ni bora kuitafutia televisheni ya zamani kifaa kingine cha kuchezea kuliko kuufungua mlango huo kwenye kompyuta yenye kazi zako.

Windows 11 ya mwaka 2024 ilikaza zaidi: katika toleo la Pro, kuingia kwenye folda ya mtandao kama mgeni asiye na nywila kumezimwa. Na ile HomeGroup ya Windows 7, ambayo wengi bado wanaitafuta, iliondolewa mwaka 2018. Tengeneza akaunti halisi yenye nywila kwenye kompyuta ya seva, uitumie hiyo. Kumbuka pia kwamba Windows ina ruhusa za tabaka mbili, za folda iliyoshirikishwa na za diski, na iliyo kali zaidi ndiyo inayoshinda. Ukiruhusu kila kitu upande mmoja na upande wa pili ukabaki "kusoma tu", utaweza kusoma tu. Na hilo ndilo unalolitaka kwa watu wengi wa nyumbani: wasome wote, aandike mmoja au wawili.

Anwani ya seva nayo iwe ya kudumu. Ruta hugawa anwani za IP kwa muda, na baada ya umeme kukatika seva inaweza kuamka na anwani nyingine huku kompyuta zote zikiitafuta ya zamani. Kwenye ukurasa wa mipangilio ya ruta kuna sehemu ya kuihifadhia seva anwani moja ya kudumu.

Mkanganyiko mwingine unawazuia watu wasianze kabisa, nao ni hofu kwamba kutazama filamu kwa Wi-Fi kutakula bando. Filamu ikitoka kwenye seva ya sebuleni kwenda chumbani, inapita ndani ya ruta tu. Haitoki nje, na kampuni ya simu haiioni wala kuihesabu. Hata bando likiwa sifuri, ruta inaendelea kupitisha data baina ya vifaa vya ndani. Intaneti inahitajika siku seva inapotafuta mabango na maelezo ya filamu, basi. Kizuizi cha kweli ni Wi-Fi ya wageni, ambayo kwa kawaida hutenganisha vifaa visionane. Ukiunganisha kompyuta moja huko, hutaiona seva kamwe.

Kasi inayohitajika ni ndogo kuliko watu wanavyodhani. Wimbo wa MP3 wa ubora wa juu ni kilobiti 320 kwa sekunde. Wimbo wa CD katika FLAC, aina isiyopunguza ubora, ni kama megabiti moja. Video ya DVD haizidi megabiti 9.8, na ya Blu-ray ya kawaida hufika megabiti 40. Wi-Fi ya zamani ya mawimbi ya 2.4 GHz yenye antena moja huandikwa megabiti 72, na kwa uhalisia hutoa kama nusu ya hapo. Sasa, seva na mtazamaji wote wakiwa kwenye Wi-Fi, kila kipande cha filamu kinapita hewani mara mbili, kutoka seva hadi ruta, kisha ruta hadi chumbani, na nusu hiyo inagawanyika tena. Iunganishe seva na ruta kwa kebo. Kebo moja fupi huondoa safari moja kati ya hizo mbili, na kwa nyumba nyingi hilo peke yake linatosha.

Seva inapohema

Wakati mwingine mtandao ni mzuri, faili ni zima, lakini video inakatakata na feni ya seva inalia. Hapo seva inaigeuza video papo hapo. Kifaa cha mtazamaji kimesema hakiwezi kusoma aina hiyo ya video au sauti, kwa hiyo seva inaifungua na kuifunga upya kwa aina inayosomeka, picha baada ya picha, huku mtu akitazama. Aina ya video iitwayo H.264, ya mwaka 2003, husomwa na karibu kila kitu. HEVC, aina mpya zaidi iliyotoka mwaka 2013, husumbua baadhi ya vivinjari na televisheni za zamani.

Chanzo ambacho watu hawakidhanii ni maandishi ya tafsiri. Yakiwa faili la SRT, ni maandishi ya kawaida, kifaa kinayaweka chini ya picha chenyewe. Yakiwa yametoka kwenye DVD au Blu-ray, mara nyingi ni vipicha, na kifaa kisichoviweza huilazimisha seva kuvichora juu ya kila picha ya video. Filamu iliyokuwa ikicheza bila shida inakwama mara tu mtu anapowasha tafsiri. Weka SRT, tatizo linakwisha.

Kama kugeuza hakuepukiki, mzigo uchukuliwe na sehemu maalumu ya prosesa. Intel imekuwa nayo tangu 2011, na kuanzia kizazi cha 7 cha Intel Core inaweza HEVC ya biti 10. Raspberry Pi 5, kompyuta ndogo ya bei nafuu ya mwaka 2023, pamoja na sifa zake, haina kifaa cha ndani cha kufunga video upya; inafaa kama kifaa cha kuchezea filamu sebuleni au seva ya muziki, si kwa kugeuza filamu za watu watatu.

Maarifa yakae ndani ya faili

Hapa ndipo ningependa msomaji atumie muda wake mwingi, kwa kuwa programu zitabadilika. Kila kumbukumbu inayoweza kubebwa na faili lenyewe, ibebwe na faili. Jina la msanii, mwaka na albamu vinaandikwa ndani ya MP3. Tarehe na mahali picha ilipopigwa huandikwa ndani ya JPEG na kamera yenyewe. Maelezo ya filamu huwekwa kwenye faili dogo la NFO kando yake, nalo husomwa na Kodi na Jellyfin pia. Ukihama kutoka programu moja kwenda nyingine, maarifa hayo yanahama nawe.

Kwa filamu za Hollywood jambo hili halionekani kuwa la lazima, maana seva inatafuta jina na mwaka kwenye hifadhidata za mtandaoni kama TMDB na kuleta kila kitu. Ipe filamu ya Kiswahili ya miaka ya DVD za mitaani. Huenda isiikute, au ikakuta filamu ya nchi nyingine yenye jina linalofanana na kukubandikia bango la watu usiowajua. Andika NFO yake mara moja: jina, mwaka, waigizaji, maelezo mafupi kwa Kiswahili. Kompyuta zote za nyumbani zitaona sawasawa.

Muziki wa dansi ni mtihani mkubwa zaidi. Bendi ya chama cha wafanyakazi iliyoanza mwaka 1964 kama NUTA Jazz ikawa JUWATA Jazz, kisha OTTU Jazz, kisha Msondo Ngoma, ikifuata mabadiliko ya chama chenyewe. Mlimani Park Orchestra huandikwa pia DDC Mlimani Park, na wapenzi wake huiita Sikinde. Maktaba isiyopangwa itaonyesha bendi saba. Nionavyo mimi, jina lililokuwa likitumika wakati wa kurekodi lisifutwe, kwa sababu linakuambia wimbo ni wa kipindi gani. Kinachohitajika ni kuchagua tahajia moja kwa kila jina na kuishika: "JUWATA Jazz Band" isiwe pia "Juwata" na "JUWATA Jazz". MusicBrainz Picard, programu ya bure, hurahisisha kusahihisha nyimbo mia kwa pigo moja.

Halafu kuna nafasi ya "msanii wa albamu", ambayo wengi huiacha tupu. Mkusanyiko wa taarabu wenye waimbaji kumi na wawili, kila wimbo ukiwa na jina la mwimbaji wake na nafasi hiyo ikiwa tupu, mara nyingi huvunjika kuwa albamu kumi na mbili zenye wimbo mmojammoja. Jaza jina la kikundi hapo kwenye nyimbo zote, na majina ya waimbaji yabaki kwenye nafasi yao ya kawaida. Navidrome hasa hutazama taarifa hizi, haijali umeyapanga vipi mafolda.

Kwa picha, jihadharini na WhatsApp. Picha ikitumwa kama picha, inapunguzwa ubora na tarehe iliyoandikwa ndani yake huondolewa. Picha za harusi ya mwaka 2016 zilizokusanywa kutoka kwenye makundi ya familia zitajipanga kwenye siku zilipopakuliwa. Waombe ndugu wazitume kama hati. Hivyo faili linafika zima, na tarehe yake ndani.

Kompyuta ipi, na umeme ukikatika

Huhitaji kununua mashine mpya. Kompyuta mpakato ya zamani inafaa sana, na betri yake, hata ikiwa imechoka, huivusha katika kukatika kwa umeme kwa dakika kadhaa. Zima mpangilio wa kulala kifuniko kinapofungwa, na uikague betri mara kwa mara. Ikianza kuvimba, itolewe mara moja. Diski ya nje inayotumia umeme wa USB itabaki hai pamoja nayo, ila diski kubwa yenye adapta yake itazimika, kwa hiyo diski ya aina hiyo na ruta zipate UPS ndogo, yaani betri ya akiba.

Aina ya mpangilio wa diski huwachanganya wengi. FAT32 haipokei faili linalozidi gigabaiti 4, ndiyo maana filamu kubwa inagoma kunakiliwa kwenye flashi. Mac husoma NTFS, mpangilio wa kawaida wa Windows, bila kuiandika. Mambo haya ni ya diski inayochomekwa moja kwa moja. Kupitia mtandao, Mac inaandika kwenye diski ya NTFS iliyo kwenye kompyuta ya Windows bila tatizo, kwa kuwa anayeandika diskini ni Windows.

Wanafamilia walio Muscat au London wakitaka kuona video za nyumbani, usifungue milango ya ruta. Kamwe usiiache SMB ionekane kwenye intaneti. Zaidi ya hayo, intaneti nyingi za laini ya simu huweka wateja wengi nyuma ya anwani moja, kwa hiyo hata ukifungua mlango hakuna anayeufikia. Tailscale, programu inayotumia teknolojia ya WireGuard, hutengeneza njia ya siri baina ya vifaa vyenu na hupenya hali hiyo. Hapa bando linatumika, upande wa kupakia, kwa hiyo punguza ubora wa video kwa watazamaji wa nje.

Nakala rudufu ziwe za sehemu zote mbili. Diski mbili zinazoandikwa kwa pamoja hukinga diski moja ikifa, lakini ukifuta folda, imefutika kwenye zote mbili papo hapo. Anza na vile visivyopatikana tena popote: kanda za harusi zilizogeuzwa kutoka VHS, sauti za wazee, picha. Nakala moja ikae kwenye diski isiyochomekwa, na nyingine nyumba nyingine kabisa, kwa ndugu au kazini. Filamu za kawaida zinaweza kusubiri. Kwa hifadhidata ya Jellyfin kwenye Linux, isimamishe seva kwanza, nakili /var/lib/jellyfin na /etc/jellyfin, kisha uiwashe tena. Ukinakili wakati inaandika, unaweza kupata nakala isiyofunguka.

Mwisho kabisa, mpe kila mtu akaunti yake kwenye seva. Watu hupuuza hatua hii wakidhani ni ya maofisini, halafu wote wanatumia akaunti ya baba. Hapo hata mwandishi mmoja hawezi kusaidia, kwa sababu ameambiwa kwamba watazamaji wote ni mtu mmoja: mama anarudi kwenye tamthilia yake anakuta imesogezwa sehemu tatu mbele na aliyekuwa akiitazama mchana. Akaunti ya watoto iwekewe folda zake tu, na ya bibi iwe na maandishi makubwa na orodha mbili, nyimbo zake na picha za wajukuu.